Azimio la Saba

Kila alfajiri, hapa Njoro, kabla lori la maziwa halijafika,
natumbukiza kipimo cha kioo katika kila mtungi.
Kikielea vizuri, namlipa mtu.
Kikizama, kikasoma chini ya ishirini na sita, namtazama usoni
naye anatazama viatu vyake.
Miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeniuzia maji ya mto
kwa jina la maziwa
mara mbili.

Basi nisikilizeni mimi, hodari wa mitungi.

Marehemu Kirwa aliniachia ng'ombe wawili, redio,
na hisa elfu tatu za kiwanda cha blanketi kule Lanet,
alikorekebisha mitambo ya kufuma mpaka masikio yake yakafa.
Hisa zote zilikuwa milioni thelathini.
Nilipiga hesabu nyuma ya kalenda:
katika kila matofali elfu kumi ya ukuta ule, moja ni langu.
Nikawa nikipita barabarani nalitafuta.
Nilichagua moja karibu na lango, lenye ufa.

Kisha mitumba ikajaa sokoni, stima ikapanda,
mishahara ikalala miezi mitatu.
Tukaitwa Nakuru mjini, ukumbi wa kanisa.
Bwana Gathecha, mwenyekiti, akasema amepatikana mkopeshaji,
mtu wa mbali, mwenye subira,
hataki riba kubwa, hataki hati ya ardhi.
Anataka ruhusa tu: siku akipenda,
deni lake lilipwe kwa hisa mpya,
kwa bei ya siku hiyo, pungufu kidogo.
Pungufu kidogo.
Alilitamka kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Lilikuwa azimio la saba. Ilikuwa saa nane.
Soda zilikwisha pangwa mlangoni, na mkate mmoja mmoja,
na mwavuli wa kijani wenye jina la kiwanda.
Nikainua mkono.
Huu.

Sikuuliza: na bei ikianguka?
Ikianguka, deni lile lile hudai hisa nyingi zaidi.
Anazichukua, anaziuza asubuhi hiyo hiyo,
kuuza kwake kunaiangusha bei,
na bei iliyoanguka inamzalia hisa nyingine.
Ng'ombe gani huyu,
kadiri anavyokonda ndivyo anavyokamuliwa zaidi?
Shilingi kumi na mbili zikawa tano. Tano zikawa senti themanini.
Nyakio, jirani yangu, aliuza ndama akanunua zaidi:
"Zimeshuka," alisema, "ndio wakati."
Mkopeshaji hakuhitaji hata blanketi moja lifumwe.
Kuanguka kwetu ndiko kulikuwa mshahara wake.

Hakuna aliyeniibia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Nilipokwenda kuuliza, karani alinigeuzia kompyuta:
"Mama, elfu tatu zako hizi hapa, hazijaguswa."
Kweli, hazijaguswa.
Ila zote sasa ni milioni mia sita,
na tofali langu limegawanywa vipande ishirini,
nimeachiwa kimoja,
hakizibi tundu la panya.
Kwenye mtungi ningejua. Kwenye karatasi
maji hayana rangi wala uzito,
na idadi ya lita yangu ni ile ile.

Juzi imekuja barua. Kwa manufaa ya wanahisa,
kila hisa ishirini zimeunganishwa kuwa moja.
Sasa nina mia moja na hamsini.
Bei imepanda, wanasema, na hawadanganyi.
Ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo kama siafu:
mkopeshaji mpya, azimio la nne, Ijumaa.

Nitakwenda. Nitakula kwanza nyumbani.
Mwavuli nitaubeba, ingawa umevunjika ubavu mmoja,
maana Ijumaa huku hunyesha.

Leo Kimaiyo alileta lita kumi na moja.
Kipimo kikasimama kwenye ishirini na tisa.
Nikamlipa, nikamshukuru,
nikamshukuru tena,
mpaka akautazama mtungi wake kwa wasiwasi.